Kwa Nini Kitabu cha Viumbe Hakina Tena Saa za Maji

Wanangu, nimepata habari kwamba katika mchezo wa tano mnataka kuurudisha ule utepe wa rangi: buluu maji yakiwa nje, nyekundu wakati wa kurudi ufukweni. Mmoja wenu alinipigia simu kwa heshima zote, akarudia shikamoo hata nikajua ana shida, ndipo akaniuliza kwa nini tuliuondoa ilhali wachezaji waliupenda. Nikamwambia nitaandika. Kwenye simu ningepandwa na hasira, na mimi nikikasirika nasahau nilikuwa nasema nini.

Kwa msionijua, naitwa Mwanaisha, mzaliwa wa Mambrui. Kabla ya kustaafu nilikuwa mchoraji na mwandishi wa kitabu cha viumbe katika michezo yote minne ya Mwamba Hai. Kitabu hicho hakishikiki. Kimo ndani ya mchezo wenyewe, kwenye simu, na kila kiumbe unayekutana naye unapocheza hupata ukurasa wake wenye picha, tabia, na mahali anapopatikana. Wengine ni viumbe wa kweli, pweza, kasa, nguva. Wengine tumewatunga sisi wenyewe tukiwa na njaa, na inaonekana, maana kuna kamba mmoja aliyetoka ana sura ya sambusa. Watu hudhani mchezo ni kukimbizana na kupigana. Watoto wengi walicheza ili kukijaza kitabu tu, wakawa wanakionesha kwa wageni jinsi mama zao wanavyoonesha albamu ya harusi.

Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa nachora samaki kwenye kuta za mikahawa ya Malindi. Siku moja Athman, mwenye kampuni, alikwenda kula mahali nilipochora samaki aina ya changu, akauliza ni nani aliyemchora samaki mwenye hasira kiasi hiki. Wakaniita kutoka jikoni nilikokuwa nikisuuza brashi. Athman alikuwa wa umri wa kuwa mwanangu, lakini ndiye aliyenifunza, na mbele za watu nilimwita mwalimu ili nimwone akiona haya. Ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la vitambaa. Palikuwa na feni moja, nayo ilielekezwa kwenye kompyuta. Sisi binadamu tulijipepea kwa makasha ya simu.

Ukurasa wangu wa kwanza niliuandika mrefu, nikautia madoido, nikampelekea. Aliusoma wote kwa adabu.

"Bi Mwanaisha, ni mzuri sana," akasema. "Lakini mchezaji hasomi."

"Sasa mnaniita mwandishi wa nini?"

"Mchezaji anatafuta. Mwonyeshe anachokikosa, atakitafuta mpaka akipate."

Ndivyo kitabu cha mchezo wa kwanza kilivyokuja kuwa kitabu cha vivuli. Ulikuta kurasa zote zimeshapangwa, lakini kila kiumbe ni umbo jeusi tu. Ukimpata, umbo linajaa rangi na jina linatokea chini yake, basi. Hapakuwa na neno jingine. Mtoto akiona kivuli chenye mikia miwili katikati ya kurasa alizokwisha kuzijaza, halali. Shikeni hilo, kwa maana naona siku hizi mnamwaga kila kitu kwenye ukurasa wa mbele kisha mnashangaa watu hawaurudii.

Katika mchezo wa pili wachezaji walianza kudai maelezo. Kiumbe huyu anakula nini, anaogopa nini, ana ndugu? Nikafurahi, nikaandika mpaka vidole vikaniuma. Kisha nikaingiwa na shaka kwamba Athman alisema kweli, hakuna anayesoma. Nikaamua kupima. Kwenye ukurasa wa pweza nikatia kwamba pweza hualikwa harusini, na hutoka na sahani nane za pilau, moja kwa kila mkono. Siku zikapita, kimya. Nilikuwa nimeanza kununa pale alipoandika kijana mmoja wa Junju kuuliza, "Kama mikono yote minane imeshika sahani, mlango aliufungua na nini?" Nilicheka hadi watu wa dukani chini wakagonga dari kwa mti wa kupimia. Nikamjibu kwamba mlango ulifunguliwa na bwana harusi, aliyekuwa na haraka ya kumwona ameondoka. Mkiandika, andikeni kwa ajili ya yule wa Junju. Yupo kila mahali, ila hajitokezi mpaka umkosee.

Mchezo wa nne mnaujua, ndio mliokulia. Kurasa zake hazitaji saa yoyote. Mchezaji akifika ufukweni lazima kwanza aelekeze simu kwenye maji, achague jiwe moja, alitazame, kisha aseme mwenyewe kama maji yanakupwa au yanajaa. Akisema vibaya, kiumbe hatoki. Malalamiko tuliyopata hayahesabiki. Wengine walisema tumezeeka, wengine kwamba tumeishiwa. Athman alivumilia, na kila mkutano alipoulizwa alinitazama mimi, nami nikatikisa kichwa. Hakuwahi kunilazimisha.

Mchezo wa tatu nimeuruka makusudi. Sasa nauingia.

Ule ndio uliotoka nje ya nyumba. Ulicheza kwa miguu yako, simu mkononi, na viumbe walionekana kwenye skrini pale pale ulipo, juu ya mwamba wa kweli, kando ya maji ya kweli. Kitabu nacho kikabadilika. Haikutosha tena kusema kasa anakula nini, kilibidi kiseme nenda wapi, nenda lini, na rudi lini. Hapo ndipo ulipozaliwa utepe wenu, mstari mnene juu ya ukurasa. Wakati maji yako nje ni wa buluu, na ikifika saa ya kurudi unageuka mwekundu na simu inalia.

Aliyeutengeneza ni Kazungu, kijana wa Magarini, mtulivu, anayekula maembe mabichi kwa chumvi huku anaandika programu. Aliniuliza sisi watu wa Mambrui tunajuaje saa za maji. Nikamfunza kama nilivyofunzwa nyumbani: unaangalia tarehe ya mwezi, mwezi wa mbinguni, tunaofungia na kufungulia. Mwezi ukiandama, yanakuja maji ya bamvua, yanatoka mbali na kurudi kwa nguvu, na asubuhi kati ya saa nne na saa tano mwamba uko wazi. Kisha kila siku maji huchelewa kuliko jana yake kwa muda unaokaribia saa nzima. Ukimtajia mtu wa kwetu tarehe ya mwezi, anakwambia maji yako wapi bila kutoka barazani. Kazungu alifurahi kama aliyeokota dhahabu. Akajenga mwezi mmoja ndani ya mchezo, na kila kitu kikasoma tarehe kutoka kwa mwezi huo, sikukuu na maji pia.

Ukafanya kazi vizuri ajabu. Mwaka mzima utepe haukukosea kiasi cha kumfanya mtu alalamike. Watoto wakauamini, na wazazi wakauamini kwa sababu watoto wanarudi nyumbani kwa wakati. Mimi mwenyewe nilianza kuutazama kabla ya kutazama bahari.

Lalamiko pekee lilihusu Idi. Nilikuwa nimemtunga Kasa Mwanahina, kasa mwenye nakshi za hina kwenye gamba, anayetoka siku ya Idi tu. Mwaka wa kwanza mwezi uliandama baada ya kufunga siku ishirini na tisa, na Kazungu alikuwa amehesabu thelathini. Watu wameswali, wamekula, wamevaa, wamekwenda mwambani, kasa hayupo. Akatoka kesho yake, wakati watoto wamekwisha kuvua nguo mpya. Mama mmoja wa Mambrui alituandikia, "Kasa wenu bado anafunga?" Ujumbe ule ulizunguka mji mzima. Sokoni niliulizwa na watu nisiowajua kama kasa ameshafuturu.

Basi Kazungu akatengeneza kitufe. Mwezi ukitangazwa mapema kuliko hesabu yake, anakibonyeza na mwezi wa ndani ya mchezo unasogea mbele siku moja. Sote tulisifu. Mwaka uliofuata mwezi ukaonekana tena ishirini na tisa. Magharibi ile, watu wakiwa wanapongezana mitaani, Kazungu akakibonyeza kitufe chake na kuniandikia, "Kasa amefungua, Bi Mwanaisha. Idi njema." Nikamjibu kwa dua nyingi.

Asubuhi baada ya swala nilikuwa Mambrui kwa ndugu yangu Omari. Omari ni fundi cherahani, na siku ya Idi huwa na macho mekundu kwa sababu mwezi wote hulala juu ya mashine. Tulikunywa chai kwa mahamri na tambi, nikatoka kwenda kutazama watoto wakicheza mchezo wangu. Nakiri nilikwenda kujivuna. Mwamba ulikuwa umejaa nguo mpya, kanzu zimepandishwa magotini, magauni yamefungwa viunoni, kila mmoja na simu yake. Nilikaa juu ya hori moja, kimtumbwi cha uvuvi, lililopinduliwa mchangani na kikombe changu.

Pale petu kati ya mchanga na mwamba pana mkono wa maji. Maji yakikupwa unauvuka ukilowa vifundo tu. Yakirudi, hujaa mkono huo kwanza, na aliye mwambani hujikuta amezungukwa ilhali chini ya miguu yake bado ni pakavu. Hilo kila mzaliwa wa Mambrui analijua, na mimi nalijua tangu sijaanza chuo cha Kurani. Kwa hiyo jicho langu lilikwenda huko lenyewe. Nikaona povu linaingia.

Niliona povu linaingia, nikaweka kikombe chini, nikatazama tena. Majani ya majini yaliyokuwa yamelala kuelekea baharini yalikuwa yameanza kugeuka. Nikatoa simu, nikafungua ukurasa wa Kasa Mwanahina. Utepe ulikuwa wa buluu. Ulikuwa na buluu nyingi bado.

Nataka mnielewe jambo moja hapa, maana ndilo lililonitia baridi. Kwa dakika nzima sikuyaamini macho yangu. Nilikaa pale, binti wa Mambrui, nikijiambia labda nimekosea kuona.

Kisha nikampigia Kazungu.

"Kazungu, maji yanarudi na utepe wako bado ni wa buluu."

"Yanarudi tangu lini, Bi Mwanaisha?"

"Nayaona mbele yangu! Usiniulize tangu lini."

Nyuma yake kuku walikuwa wakilia, alikuwa shambani kwa babake huko Magarini.

"Mwezi," akasema taratibu. "Jana niliusogeza mwezi."

"Uliusogeza kwa ajili ya Idi."

"Na maji yakasogea nao. Vyote vinasoma tarehe moja. Mchezo unadhani leo ni kesho, na maji ya kesho yanachelewa. Utepe uko nyuma karibu saa nzima."

Watu ndio waliokuwa wameutangaza mwezi, na watu wakaufuata, ni sawa kabisa. Bahari haikuwa imesikia tangazo lolote.

"Ubadilishe sasa hivi," nikamwambia.

"Utepe haubadiliki. Simu huchukua saa za maji mara moja tu, alfajiri, kwa sababu kule mwambani mtandao ni wa kubahatisha. Naweza kuwatumia ujumbe."

Akatuma. Simu yangu ikatetemeka: "Rudini ufukweni." Nikatazama mwambani. Hakuna aliyeinua kichwa. Na wangeinua kwa nini? Kila wiki tulikuwa tukiwatumia ujumbe kuwaambia kuna kofia mpya za wahusika, nao walikuwa wamezoea kuufuta kwa kidole gumba bila kuusoma. Nikapiga kelele. Upepo ulikuwa wa kunijia usoni, ukanirudishia kelele zangu.

"Kazungu, nini kinachowafikia papo hapo?"

"Mahali alipo kiumbe. Hicho tu."

"Basi mtoe kasa mwambani. Mlete huku mchangani, kwenye mahori."

"Ukurasa unasema anakaa mwambani."

"Kasa hupanda mchanga kutaga mayai! Hakuna atakayeshangaa. Mlete."

"Inataka idhini ya Athman."

"Athman niachie mimi. Mlete, mwanangu, mkono wa maji unajaa."

Akasema hapo alipo mtandao hauna nguvu, anakimbia barabarani. Nikamsikia anakimbia. Nikasikia pumzi zake, na malango ya miti yakifunguliwa, na mbwa, na mtu akimuuliza kuna nini. Mimi huku nilikuwa nimesimama na macho yangu kwenye jiwe moja lililo katikati ya mkono wa maji, tunaliita Kigoda. Lilikuwa wazi lote. Likawa wazi nusu. Nilisoma kila dua niliyoihifadhi utotoni. Jiwe likabaki ncha yake tu, yenye ukubwa wa sahani, na maji yakawa yanapita juu yake na kuondoka.

"Tayari," Kazungu akasema.

Vichwa vikainuka mwambani, vyote, kwa mara moja. Wakageuka huku wakielekeza simu zao ufukweni, kisha wakaanza kukimbia. Wanangu, sijawahi kuona kitu kizuri namna ile. Waliruka ndani ya mkono wa maji wakicheka. Maji yakawafika magotini, yakawafika mapajani, wakubwa wakawabeba wadogo migongoni, magauni ya Idi yakaelea. Niliingia hadi kiunoni nikawa nawavuta mmoja mmoja, na akina mama waliosikia kelele zangu wakaja wakavuta nami. Hakuna mtoto aliyenishukuru. Walinipita wakakimbilia mahorini. "Yuko hapa! Yuko hapa, anataga!" Hawakujua kama wameokolewa, wala siku ile hatukuwaambia.

Nilikuwa nimeanza kusema alhamdulillahi nilipoona nguo ya manjano mwambani.

Gauni lile nililijua. Lilikuwa limeshonwa usiku wa kuamkia Idi na ndugu yangu Omari, la mwisho baada ya nguo za watu wote, kwa ajili ya binti yake Zuhura. Alikuwa ameketi kwenye ncha ya mbele kabisa, ametugeuzia mgongo, anatazama baharini.

"Kazungu, amebaki mmoja! Kwa nini hakuja?"

"Huenda ameshampata kasa. Aliyekwisha kumpata, ukurasa wake umefungwa pale pale alipompata. Kwake kasa hajasogea."

Bila shaka Zuhura alikuwa ameshampata. Alikuwa mchezaji hodari kuliko wote, na kila mtu aliyefika kwao alionyeshwa kitabu chake. Na nilijua vilevile kilichomweka pale. Chini ya ukurasa wa Mwanahina nilikuwa nimeandika kwamba atakayesubiri mpaka buluu iishe atamwona kasa akizama, na ukurasa wake utapata muhuri wa dhahabu. Zuhura alikuwa akisubiri muhuri.

Nikampigia simu. Akakata. Nikampigia tena, akakata tena. Kwake yeye ni shangazi tu, anauliza kama amekula.

Omari alikuja akikimbia, futi ya kupimia nguo bado shingoni.

"Dada, yule ni nani kule?"

Mshono wake alikuwa anaujua.

Alikwenda kwenye hori nililokuwa nimelikalia, akalipindua peke yake, mtu ambaye kazi yake nzito ni pasi. Jirani mmoja akashika upande wa pili, wakalisukuma majini. Palikuwa na kafi moja tu. Nilipanda.

"Shuka, dada," Omari akasema.

"Nenda."

"Magoti yako..."

"Omari, nenda!"

Jirani akapiga kafi, Omari akapiga kwa mikono. Mkono wa maji ulikuwa umeshakuwa bahari kamili, mchafu, wenye nguvu, unatusukuma pembeni. Kigoda hakikuonekana tena. Tulimwita Zuhura jina lake pamoja na jina la babake. Mara ya kwanza hakusikia. Mara ya pili akageuka, akatuona, na badala ya kusimama akatunyooshea kiganja. Tusubiri.

Omari alitoa sauti ambayo sijawahi kumsikia akiitoa, hata katika misiba.

Wimbi la kwanza likapanda juu ya mwamba nyuma yake. Lilimpiga mgongoni likampigisha magoti. Aliinuka amelowa mpaka kichwani, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu, umeinua simu isilowe. Akatazama huku, akatazama kule, na kwa mara ya kwanza nikaona ametambua kuwa ana maji pande zote. Tulikuwa karibu, lakini hori halikuweza kuusogelea mwamba, kila wimbi lilitaka kutupiga kwenye makali yake. Jirani akanyoosha kafi.

"Ruka ushike!" Omari akamwambia. "Mwanangu, ruka!"

"Baba, bado!" Alikuwa analia sasa, lakini alikuwa anatuonesha skrini. "Kitabu kinasema bado! Maji yatatoka tena!"

"Ruka, Zuhura!"

"Kinasema bado!"

Wimbi jingine lilikuwa linakuja, niliona mgongo wake. Nikasimama ndani ya hori, jambo ambalo mtu mwenye akili hafanyi.

"Zuhura! Mimi ndiye niliyekiandika! Ni uongo! Ruka!"

Alinitazama. Sijui mtoto aliona nini usoni mwangu, lakini aliruka. Alishika kafi kwa mkono mmoja, kwa sababu mwingine ulikuwa na simu, na babake akamshika nywele, kisha bega, kisha gauni, na mshono ule ukahimili. Tulimwangusha ndani kama gunia. Omari alimlalia juu yake, akamfunika kabisa, kana kwamba bahari ingeweza kubadili nia. Jirani akageuza hori, na tukawa tunarudi, mimi nimemshika Zuhura mguu na siuachii.

Ndipo simu ikalia. Alikuwa bado nayo, ameibana kifuani. Aliitoa polepole kutoka chini ya mkono wa babake, akaifuta maji kwa kidole gumba, akaisoma. Meno yalikuwa yakimgongana, lakini sauti yake ilikuwa ile ile ya kila siku, ya mtoto anayesoma kitu anachokiamini.

"Shangazi," akasema, "sasa kinasema turudi."

Niligeuka kutazama mwamba. Palikuwa na maji tu.